Lengo Langu ni Kuitwa

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu katika Siku ya Wakimbizi Duniani, Gorom, Juba



Tunaishukuru Kamati kwa kutupa sisi walimu nafasi ya kusema machache siku ya leo. Tuliombwa tuzungumze na vijana juu ya kupanga malengo ya maisha. Tulipokaa chini ya mti kuandaa maneno haya, mwenzetu mmoja alicheka akasema, "Mtu anayengoja mgawo atapanga nini?" Tukaona kwamba hilo ndilo swali lenyewe, na ya kwamba kulikwepa mbele yenu kungekuwa aibu kwetu.

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wa darasa la nane insha yenye kichwa "Lengo langu". Wengi waliandika udaktari, wengine urubani, na karibu wote wakataja Marekani, Kanada au Australia. Lakini mwanafunzi mmoja aliandika sentensi moja tu: "Lengo langu ni kuitwa." Hakuongeza neno. Kwa kawaida insha fupi namna hiyo tunaikata alama, ila ile tuliiweka mezani tukaitazama kwa muda mrefu, maana ilikuwa ya kweli kuliko zote. Wote hapa tunajua kuitwa ni nini. Ni jina lako kubandikwa ubaoni, uende kwenye mahojiano, upimwe na madaktari, upewe tarehe ya ndege. Nao waliosoma sarufi watakumbuka kwamba kuitwa ni kauli ya kutendwa. Mtendaji ni mtu mwingine, yuko mbali, wala hakujui.

Hatusemi haya kuwacheka wanaotamani nchi ya tatu. Mama mwenye mtoto mgonjwa ambaye matibabu yake hayapatikani hapa, au mtu anayewindwa hata huku alikokimbilia, anahitaji kwenda, na tunamwombea aende kesho. Tunasema juu ya yule ambaye amefanya kuitwa kuwa maisha yake yote, hata akaacha kila kitu kingine.

Mwenzetu mmoja mwalimu alikuwa hivyo, naye ameturuhusu tuseme bila kutaja jina lake. Mwishoni mwa mwaka 2024 alikuwa amekwisha kuhojiwa na kupimwa. Akaacha kufundisha. Akauza godoro na sufuria, vitabu vyake akawagawia watoto wa jirani. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikatoa amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, na safari zilizokwisha kupangwa zikafutwa duniani kote. Ya kwake ilikuwa mojawapo. Wiki tatu hakutoka ndani. Tulimpelekea uji, tukamhubiria subira, hakutusikiliza, na tukifikiri sasa tunaona alikuwa na haki, kwa sababu subira ndiyo aliyokuwa nayo miaka yote. Aliyemtoa nje hakuwa mmoja wetu. Alikuwa mtoto aliyekuja na kile kitabu alichogawiwa, akasimama mlangoni, akauliza jinsi ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Akamjibu palepale. Kesho yake wakaja watatu.

Sisi wenyewe tunaosoma hotuba hii tulifungiwa mlango mwingine mwaka huohuo. Tulisoma chuo cha ualimu huko Bukavu, tukakimbia kabla ya kumaliza, tukapita Uganda na kuingia Nimule tukiwa na shahada za sekondari ndani ya mfuko wa plastiki. Lengo letu lilikuwa moja: vita vikiisha, turudi tukamalize chuo. Goma ikatekwa mwishoni mwa Januari 2025, na Februari ikawa zamu ya Bukavu. Tulipata habari kwa simu ya mtu mwingine, betri ikiwa karibu kuzima. Kwa hiyo tusionekane kama watu wanaofundisha kuogelea wakiwa nchi kavu.

Tangu hapo tumejifunza kutenganisha maneno mawili ambayo tulizoea kuyachanganya, yaani lengo na kusudi. Mkulima akisema msimu huu anataka magunia manne ya mtama, hilo ni lengo. Linahesabika, na lina siku yake ya kufika au kukosekana. Ukimwuliza magunia ya nini, atakuambia watoto wale na mkubwa aende shule. Hilo ni kusudi. Mvua ikikataa, lengo limekufa, lakini watoto bado wapo, kwa hiyo mkulima yuleyule atachoma mkaa au atavua samaki mtoni. Anayeona vibaya ni yule aliyesahau magunia yalikuwa ya nini, maana mvua ikikosekana naye amekwisha.

Tuwape mfano wa mtu wa nchi hii inayotuhifadhi. Guor Marial, mkimbiaji wa marathoni, alikimbia vita akiwa mtoto, akapitia Misri, akafika Marekani mwaka 2001. Oktoba 2011 alikimbia marathoni yake ya kwanza huko Minnesota kwa saa 2 dakika 14 na sekunde 32, muda uliotosha kumwingiza katika Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012. Tatizo likawa moja: angekimbia kwa bendera gani? Uraia wa Marekani alikuwa hajapata. Sudan Kusini ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Julai 2011, lakini haikuwa na Kamati ya Olimpiki. Sudan ikamwambia karibu, kimbia kwa jina letu.

Ndugu zetu mliotoka Khartoum na Darfur mtuwie radhi, kwani habari hii ni ya serikali na vita, si ya ninyi mnaokula nasi foleni moja. Guor alikataa. Alisema jamaa zake wengi walikufa katika vita ile, na kuvaa bendera hiyo kungekuwa kuwasaliti. Tunaomba vijana mpime uzito wa neno hili. Lengo lake lilikuwa Olimpiki, na Olimpiki ilikuwa mkononi, kusema "ndiyo" tu. Alikuwa tayari kuikosa. Kusudi lake ndilo lililoliambia lengo lake, hapa usipite. Julai 2012, wiki chache tu kabla ya mbio, akaruhusiwa kukimbia chini ya bendera ya Olimpiki, bila nchi. Alimaliza wa 47. Hakupata medali, na walioangalia washindi peke yao hawakumwona. Mwaka 2016 huko Rio, Sudan Kusini iliposhiriki kwa mara ya kwanza ikiwa na wanamichezo watatu, aliyebeba bendera uwanjani alikuwa yeye.

Kijana mmoja alitukatiza tulipomsomea habari hii. Akasema, "Mwalimu, yeye alikuwa amekwisha kufika Marekani." Ni kweli, na hatuna jibu zuri. Basi tuache wakimbiaji, tutazame kitu kilichoko hapa Juba.

Chuo Kikuu cha Juba kiliundwa mwaka 1975, kikaanza masomo 1977, baada ya mapatano ya Addis Ababa ya 1972, ili watu wa kusini wapate wataalamu wao. Vita vilipokizidi, mwaka 1989 kilihamishiwa Khartoum. Kilikaa huko zaidi ya miaka ishirini, na muda wote huo kiliendelea kuitwa Chuo Kikuu cha Juba. Ndipo kikarudi, wakati wa uhuru mwaka 2011. Chuo kizima kilikuwa mkimbizi! Majengo yaliachwa nyuma, lugha ya kufundishia ikageuzwa kuwa Kiarabu, lakini kusudi lililoandikwa katika jina halikufutwa. Nasi tunafikiri juu ya wahadhiri walioingia darasani Khartoum asubuhi moja ya mwaka 1995, bila kujua watarudi lini au kama watarudi, wakaandika tarehe ubaoni wakaanza somo. Baadhi yenu mmeipita njia hiyohiyo mkielekea kusini baada ya vita vya Aprili 2023.

Sasa, kazi ya kufanya. Chukueni lengo lenu lolote, mliulize, "Ili iwe nini?" Likijibu, liulizeni tena. Kijana aliyeandika urubani tulimwuliza hivyo. Ili niendeshe ndege. Ili iwe nini? Ili nipate mshahara. Ili iwe nini? Akanyamaza, kisha akasema kwamba bibi yake alibaki nyuma kwa sababu hakuna chombo kilichoweza kumbeba. Sisi hatujui kama kijana huyo atakuwa rubani. Lakini siku hizi huwaona wazee wakitoka zahanati, anawabeba kwa baiskeli ya kukopa. Hakuna aliyemtuma.

Baada ya hapo, chagua lengo moja dogo linalotumikia kusudi hilo, ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwako, na ambalo litakwisha ndani ya mwezi mmoja. Siyo "nitajua Kiingereza". Sema, "Hadi mwisho wa mwezi nitaweza kumweleza daktari ugonjwa wa mama yangu bila mkalimani." Mama mmoja anayekaanga maandazi karibu na bomba la maji alituambia lake ni kuandika hesabu ya unga kila siku, maana alikuwa hajui kama anapata au anapoteza. Alipoandika wiki mbili aligundua anapoteza. Alilia, akapunguza mafuta, akaongeza bei kidogo. Huyo hakusoma chuo chochote, na katika jambo hili ametupita.

Wala tusidanganyane. Kusudi halichemshwi sufuriani. Mgawo ukipunguzwa, tumbo halisikii hotuba, na mtoto mwenye njaa hupanga lengo moja tu, nalo ni la mchana huohuo. Tunalisema hili mbele ya wageni wetu ili maneno yetu yasije yakaandikwa katika ripoti kwamba wakimbizi wako tayari kujitegemea, hivyo wapunguziwe tena.

Na kwa wageni wetu tuna ombi. Mkija na fomu ya mafunzo, huwa inauliza: ushonaji, sabuni au saluni? Mtu huchagua kimoja kwa kuwa lazima kichaguliwe kimoja. Hapa kuna fundi wa redio ambaye sasa ana cheti cha sabuni, na hajawahi kuuza hata kipande. Ulizeni kwanza mtu alikuwa nani huko alikotoka, na usiku akikosa usingizi anamfikiria nani. Majibu hayo hayaingii katika kisanduku cha fomu, tunajua, lakini kalamu mnazo na ukurasa wa nyuma huwa mtupu.

Sisi walimu nasi tumepanga. Bukavu hatuwezi kuifungua. Kusudi letu halikuwa Bukavu, lilikuwa kufundisha vizuri, na kwa hilo tumejiwekea lengo la muhula huu: kila mmoja wetu aingie darasani mwa mwenzake mara moja kwa wiki, akae nyuma, aandike makosa, kisha tusomeane Jumamosi bila kununa. Kununa tumeshanuna mara mbili. Tunaendelea.

Yule mwenzetu aliyefutiwa safari ana wanafunzi wa jioni sasa, waliotokana na wale watatu wa mlangoni. Faili lake bado liko huko lilipo, na akiitwa ataondoka. Amekwisha kumwonyesha kijana mwingine mahali alipofikia katika kitabu. Darasa ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa baada ya foleni ya maji, nyuma ya jengo la shule. Watu wazima wanakaribishwa pia, hasa kwa hesabu za biashara. Taa ya jua tunayo moja, viti hatuna, kwa hiyo kila mmoja aje na cha kukalia.