Mionzi na Mbung'o: Kutoka Unguja hadi Bariadi



Nguvu ya atomiki inapotajwa, wengi hufikiria bomu. Kisiwani Unguja sayansi hiyo ilikuja kwa kazi nyengine kabisa, nayo ilikuwa kumwokoa ng'ombe.

Mbung'o humwambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Mnyama hukonda, maziwa hupungua, mimba hutoka, na asipotibiwa hufa. Unguja ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, nayo ikijificha katika vichaka na misitu kama Jozani. Awali ng'ombe walipakwa dawa mgongoni, na vitambaa vya buluu vilivyotiwa sumu vikatundikwa porini. Mbung'o walipungua sana, lakini hawakwisha.

Hapo ndipo ilipotumika tabia ya mdudu mwenyewe. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na huzaa buu mmoja mmoja kila baada ya siku tisa hivi. Akipandwa na dume tasa, hazai tena. Kwa hiyo mbung'o walifugwa kwa wingi katika taasisi ya utafiti iliyoko Tanga, wakalishwa damu ya ng'ombe kupitia utando mwembamba, na madume yakapigwa mionzi ya gama. Ifahamike kuwa mionzi hiyo hupita tu. Dume hutoka akiwa tasa, lakini hana mionzi mwilini ya kumdhuru mtu wala mnyama.

Kuanzia mwaka 1994 ndege ndogo zilidondosha madume hayo juu ya kisiwa. Kazi ilifanywa na Serikali kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na hadi mwaka 1997 zaidi ya milioni 8 yalikuwa yameachiwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o.

Mfugaji wa Bariadi ana haki ya kuuliza: kwa nini ndege hizo zisiruke na kwake?

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012. Huko Usukumani vita dhidi ya mbung'o ni vya zamani. Katika miaka ya 1920 wananchi wa Shinyanga walikata vichaka kwa maelfu, chini ya usimamizi wa mtafiti Charles Swynnerton, ambaye aina mojawapo ya mbung'o imepewa jina lake. Lakini Unguja imezungukwa na bahari, na mbung'o aliyekwisha hana pa kurudia. Simiyu ina Pori la Akiba la Maswa, lililoungana na Serengeti, ambako kuna zaidi ya aina moja ya mbung'o na wanyamapori tele wa kuwanyonya. Ukisafisha kijiji leo, wengine huingia kesho. Tena huko hatari haiishii kwa mifugo. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea Serengeti waliugua malale. Kwa hiyo mitego, dawa ya kuogesha na uchunguzi wa damu vinabaki kuwa silaha za mfugaji huyo.

Hata hivyo mionzi humfikia kwa njia nyengine. Mgonjwa wa saratani kutoka Bariadi anaweza kutibiwa kwa mionzi katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, badala ya kusafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Vipo pia vipimo vya udongo. Majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na 1960 yaliacha chembe za sizimu-137 katika ardhi ya dunia nzima. Chembe hizo hushikamana na udongo, na nusu yake huisha kila miaka 30. Palipo na upungufu wake, mtaalamu hujua kuwa udongo umechukuliwa na maji. Kwa mashamba ya pamba yanayomomonyoka kuelekea Mto Simiyu, na kutoka huko hadi Ziwa Victoria, kipimo hicho kinaweza kuonesha ni mteremko upi wa kuwekewa matuta kwanza.