Swali Kabla ya Asilimia

Wahitimu wa takwimu, nimechagua jambo ambalo wakubwa hulitaja huku wakiinamisha macho, nalo ni vijana kutumiana picha za utupu kwa simu. Mwaka 2008 uchunguzi mmoja wa Marekani ulitangaza kwamba kijana 1 kati ya 5 amewahi kutuma au kuweka mtandaoni picha yake ya utupu au nusu utupu. Mwaka uliofuata taasisi ya utafiti ya Pew ikapata asilimia 4 ya vijana wenye simu za mkononi. Je, vijana wa Marekani walitubu ndani ya miezi kumi na miwili? Hasha. Wale wa kwanza waliwauliza kupitia intaneti vijana wa miaka 13 hadi 19, wakiwamo watu wazima kisheria. Pew waliwapigia simu wa miaka 12 hadi 17, na mtoto anayehojiwa kwa simu huku mama yuko sebuleni ana jibu lake. Kisha jarida la Pediatrics, mwaka 2012, likachapisha asilimia 2.5 ya walioonekana katika picha hizo au kuzitengeneza, na maana ilipobanwa hadi picha zinazoonyesha wazi matiti, sehemu za siri au makalio, ikabaki asilimia 1. Kilichobadilika zaidi ni pishi, si nafaka.

Mzazi atasema: hata mtoto mmoja ni wengi, asilimia za nini? Uchungu wake ni halali, lakini ni hesabu inayotuonyesha pa kujenga ukuta. Mwaka 2018 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 39 za vijana zaidi ya 110,000: takriban asilimia 15 walikuwa wametuma picha au jumbe za ngono, 27 wamepokea, na 12 wamesambaza za mwenzao bila ridhaa yake. Hii ya mwisho ndiyo yenye sumu, kwa kuwa hapo ndipo siri ya wawili hugeuka gumzo la shule nzima, na fedheha na vitisho hufuata. Tafiti zimeona pia sonona zaidi kwa wanaotuma, ila kuwauliza watu mara moja tu hakusemi kipi kilitangulia. Wapo watakaojibu kwamba binti asingetuma picha, isingesambaa. Kweli; lakini binti anayelaumiwa kwanza hunyamaza, na ukimya wake ndio mtaji wa anayemtisha. Kwa hiyo mtakapoandaa dodoso, msiulize tu “umewahi kutuma?” Ulizeni pia kama kijana alishinikizwa, na nani aliisambaza picha yake. Mwulizeni akiwa faraghani, na kabla ya swali la kwanza mjue mtampeleka kwa nani akianza kulia.