Kabla ya Kisu Kugusa Uso
Mwishoni mwa 2024, mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa urembo wa mwili katika kliniki ya Nairobi. Baraza la madaktari, KMPDC, likaamuru kliniki ifungwe.

Uso nao si wa kubahatisha. Mkazi wa Chewele, Kaunti ya Tana River, anayetaka kurekebisha pua au kope ahakikishe kwanza kuwa daktari na kituo wana leseni ya KMPDC, kisha aulize nani atampa nusukaputi.

Kama makovu yake huvimba, aseme mapema: ngozi nyeusi hupata makovu hayo, yaani keloidi, kwa urahisi zaidi.

Nyuzi za usoni hutolewa takriban siku 5 hadi 7 baadaye. Kukimbilia basi la kurudi nyumbani kesho yake ni hatari. Damu ikivuja njiani, mpasuaji yuko mbali.