Daktari Anaposomeshwa na Muuza Dawa



Tarehe 7 Oktoba, 2023, Rais Paul Kagame alifungua rasmi huko Masaka, mjini Kigali, kituo cha IRCAD Afrika, ambamo madaktari hufundishwa upasuaji wa matundu madogo. Chuo mama kilianzishwa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1994, na kwa muda mrefu mafunzo yake yamesaidiwa na watengenezaji wa vyombo vya upasuaji, wakiwemo Karl Storz na Medtronic.

Hilo ni jambo la heri. Daktari asiyejiendeleza hurudi nyuma, na Baraza la Madaktari la Rwanda humdai ushahidi wa mafunzo kabla ya kumpa leseni upya. Lakini wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Yafaa basi kuuliza daima: anayegharimia somo ana bidhaa gani ya kuuza?

Huko Marekani, kati ya mwaka 1996 na 2001, kampuni ya Purdue ilifanya mikutano zaidi ya 40 ya kufundisha tiba ya maumivu. Madaktari, wauguzi na wafamasia zaidi ya 5,000 walihudhuria kwa gharama ya kampuni. Mwaka 2007 kampuni ya kundi hilohilo ilikiri mahakamani kwamba dawa yake, OxyContin, ilitangazwa kwa udanganyifu kuhusu hatari ya uraibu. Kufikia hapo uraibu ulikwisha kuingia majumbani.

Polisi wa barabarani analijua jambo hili. Aliyekula chakula cha mwenye lori hawezi tena kulikagua lori hilo kwa macho makavu, hata kama hakuombwa chochote. Vivyo hivyo daktari. Na gharama humwangukia askari aliyelazwa Kanombe, pamoja na mfuko wa bima anaouchangia kila mwezi, iwapo ataandikiwa dawa ya bei kubwa ilhali ya bei nafuu ingemponya.

Dawa yake si kuufukuza msaada. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuagiza mwaka 1988 kwamba udhamini wa mikutano ya kitabibu utangazwe waziwazi. Fedha na zipitie chuoni au hospitalini, walimu wenyewe wapange masomo, na kila mhadhiri aseme kwanza amelipwa na nani.

Mlinzi hula chakula cha lindo lake. Daktari naye ni mlinzi, na lindo lake ni mgonjwa.