Kishikwambi Kimoja, Darasa Zima: Malengo Yangu katika Somo la Hisabati



Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vilipogawiwa kwa walimu, wengi wetu tulianza kwa kusomea vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na kuandikia maandalio ya somo. Ni matumizi mema, na yaendelee. Lakini yote hayo ni ya mwalimu. Mwanafunzi wa dawati la nyuma bado hayajamfikia. Mada yangu inamhusu yeye.

Kwenye maandalio mengi lengo huandikwa "kutumia TEHAMA katika kufundishia". Naomba tuache kuandika hivyo. Lengo la somo la Hisabati liwe la Hisabati, na kifaa kikae kwenye safu ya zana pamoja na rula na bikari. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, 2023 na 2024, waliofaulu somo letu hawakufika theluthi ya watahiniwa. Vijana hawa wanakariri kanuni nyingi mno. Kinachowapungukia ni kuona kanuni inafanya kazi gani, na hilo ndilo lengo langu la kwanza.

Chukua grafu ya y = ax². Kwa chaki, nikichora moja kwa uangalifu, jedwali lake na mihimili yake, sehemu kubwa ya kipindi cha dakika 40 imekwisha. Mwanafunzi anaondoka na mchoro mmoja, anaamini ndio grafu yenyewe. Kwa hiyo ninatumia GeoGebra, programu ya bure iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter kule Salzburg, Austria, mwaka 2001. Ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Ndani yake kuna mstari mfupi wenye nukta. Nukta ile ukiisogeza kwa kidole, thamani ya a hubadilika na grafu hubadilika nayo papo hapo. Punguza a kutoka 3 kuelekea sifuri, mkunjo unapanuka. Ikifika sifuri, umelala chali juu ya mhimili wa x. Ikizidi kushuka, umepinduka.

Hata hivyo, nikisogeza tu wao wakatazama, nimewaonyesha sinema. Kabla nukta haijaguswa, kila mwanafunzi achore kwenye daftari anachodhani kitatokea. Kisha tunasogeza. Aliyekosea anaona kosa lake mwenyewe bila kukemewa na mtu, na hapo ndipo maswali ya kweli huanza: kwa nini imepinduka? Kwa nini haikusogea kushoto? Ninawaacha wabishane kwa Kiswahili kwanza. Tunafundisha kwa Kiingereza, na mtoto anayetafuta maneno hana nafasi ya kutafuta wazo. Picha inayotembea humpa la kusema. Sentensi ya Kiingereza tunaiandika pamoja baadaye.

Lengo langu la pili ni kwamba kifaa kitoke mikononi mwangu. Kishikwambi ni kimoja, kwa hiyo kundi la watu sita linakaa nacho huku wengine wakichora kwa mkono kwenye karatasi ya grafu, kisha wanapokezana. Kuchora kwa mkono sikuachi kamwe: kwenye chumba cha mtihani kishikwambi hakiingii. Jambo moja linahitaji jicho la mwalimu. Ukiliachia kundi lijipange lenyewe, mara nyingi mvulana hushika kifaa na msichana hupewa kazi ya kuandika. Mwalimu ataje mwenye kushika, na ambadilishe kila zamu. Msichana anayezoea kuandika tu atamaliza shule akiamini mashine ni za wenzake.

Kuhusu umeme sina mengi: chaji usiku, na kila andalio liwe na njia ya kuendelea kwa ubao kifaa kikizima.

Kamera nayo ina kazi nzuri. Napiga picha ukurasa wa daftari wenye njia iliyopotoka, jina likiwa limefunikwa, na somo linalofuata linaanzia hapo: hatua ipi imeteleza? Hii imenifaa kuliko kusahihisha rundo zima na kurudisha alama tupu. Lakini tuwe waangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu wanafunzi wetu pia. Sura ya mtoto au alama zake si vitu vya kurusha kwenye kundi la WhatsApp, hata kama ni la walimu watupu.

Pendekezo langu kwa jumuiya yetu ya ujifunzaji chini ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) ni hili. Kila mwalimu achague mada moja ambayo wanafunzi wake hukwama kila mwaka, aandae faili lake la GeoGebra pamoja na swali moja la kubashiri, alijaribu darasani, kisha aje nalo kwenye kikao kijacho likiwa na picha za madaftari matatu: la aliyeelewa, la aliyeelewa nusu na la aliyeachwa. Faili tutahamishiana hapa hapa kwa kadi ya kumbukumbu, asiwepo wa kulazimika kununua bando. Kwa upande wangu nitaleta nadharia za duara.