Moto wa Nyota Changa

 

Mwaka jana nilimkemea kijana mmoja wa kanisa letu mbele ya watu. Maneno yake yalikuwa yakichoma, nami nikasema, "Huyu ndivyo alivyo." Tangu siku ile hajarudi. Baadaye nikapata habari kwamba wiki ile baba yake alikuwa ameachishwa kazi, naye kijana akaambiwa aache masomo.

Habari za nyota zimenihukumu. Mwaka 1945 mtaalamu Alfred Joy, wa Mount Wilson huko Marekani, aliandika juu ya nyota 11 za namna ya ile iitwayo T Tauri. Baadaye ikajulikana kuwa ni nyota changa. Chombo kilichorushwa angani mwaka 1978 kilipima miale yake ya urujuanimno, yaani miale isiyoonekana, ambayo ikitoka kwenye jua huchoma ngozi. Ikaonekana ni mingi mno. Lakini uso wa nyota hizo una joto la nyuzi 4,000 hivi, nao wa jua letu ni nyuzi 5,500. Uso wenye joto dogo namna hiyo hauwezi kutoa miale mingi hivyo. Basi, yatoka wapi?

Nyota changa huzungukwa na duara pana la gesi na vumbi. Nguvu za sumaku za nyota huiongoza gesi hiyo, ikaanguka juu yake kwa mwendo wa kilomita 300 hivi kila sekunde. Pale inapogonga, joto hufika kama nyuzi milioni moja, na sehemu kubwa ya miale ile hutoka hapo. Upige msumari kwa nyundo mara nyingi, kisha uushike: utakuunguza, wala haukutiwa motoni.

Baada ya miaka milioni kadhaa gesi hupungua, nyota ikatulia. Wataalamu wasema hata jua letu, tunaloanikia mahindi, lilipita njia hiyo.

Ndugu yangu, mimi niliuona ukali wa kijana, sikuuliza ni nini kilichomwangukia. Leo jioni nakwenda kwao, kwanza kumwomba radhi, kisha kumsikiliza. Nawe je, nyumbani mwako yuko nani ambaye umekwisha kumhukumu? Kabla hujafunga mlango, muulize.

Mungu atupe subira. Kwaherini.