Sadaka na Masharti Yake

Maneno yaliyosemwa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu, Pemba



Katika siku kama hii ni desturi kuhesabu yaliyojengwa na kuwataja waliojitolea. Hayo yamo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi tumeona tuzungumze juu ya chumba kimoja kilichoko nyuma ya ua, ambacho wazee wetu walikijenga kiwe dharamshala, mahali pa msafiri kupumzisha ubavu. Wanaokifikia leo si mahujaji. Ni mchumaji wa karafuu aliyemaliza msimu hana nauli ya kurudi kwao. Ni mzee aliyebaki peke yake. Ni mama aliyepewa talaka kabla hajajua pa kwenda.

Husemwa kwamba Pemba hakuna asiye na makaazi, kwa kuwa kila mtu ana ukoo wake. Ni kweli kwa sehemu. Aliyekosa nyumba kwetu haonekani barabarani. Leo hulala kwa shangazi, kesho kwa jamaa wa mbali, na siku jamaa wakichoka, hulala barazani mwa watu.

Miaka michache iliyopita, chumba kile kilipoanza kujaa, tuliweka masharti matatu: mgeni aje na barua ya sheha, asizidishe siku tatu, na afagie ua kila asubuhi. Kila sharti lilikuwa na sababu yake, na sote tuliyaafiki. Kisha ukaja usiku mmoja wa masika. Mzee mmoja alifika ametota, hana barua. Mlinzi, kwa kufuata agizo letu, alimwambia arudi asubuhi akiwa nayo. Kulipokucha tulimkuta kwenye baraza la duka lililofungwa, anatetemeka kwa homa. Tunamshukuru Mungu kwamba alipona. Lakini tulipokaa naye ndipo tulipofahamu jambo ambalo lilipasa kutujia mapema: sheha humwandikia barua mkaazi wa shehia yake. Asiye na makaazi ni mkaazi wa shehia ipi? Tulikuwa tumemtaka mtu alete kile hasa alichokikosa.

Baada ya hapo kamati ilibishana kwa muda mrefu, nasi hatuoni haya kusema hivyo. Waliotetea masharti walikuwa na hoja. Fedha za hekalu ni amana. Tena Gita, katika sura ya 17, inataka sadaka itolewe mahali panapofaa, kwa wakati unaofaa, na kwa anayestahiki. Wakatukumbusha pia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza mwaka 2012, ambao sehemu ya ruzuku yake ilifungamana na watoto kuhudhuria skuli na kliniki. Sharti la namna hiyo hatulibezi, maana faida yake humrudia mtoto mwenyewe.

Wengine wakajibu kwamba katika visiwa hivi hivi, tangu Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mzee mkaazi aliyefikia miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumpima umaskini wake wala mwenendo wake. Wakatuomba pia tuisome sura ile ile hadi mwisho wa maneno yake juu ya sadaka. Sadaka iliyo bora humwendea asiyeweza kulipa. Inayotolewa kwa kutaraji malipo, au kwa moyo mzito, iko chini yake. Na miongoni mwa aina ya mwisho kabisa imo ile inayotolewa bila heshima na kwa dharau. Masharti mengi ya Gita, basi, yanamhusu mtoaji. Majirani zetu Waislamu wanayo mafunzo ya jirani na hayo, kwani Kurani imekataza kuiharibu sadaka kwa masimbulizi na maudhi.

Wengi wetu tumelelewa kwa habari za Jalaram Bapa. Mwaka 1820, katika kijiji cha Virpur huko Gujarat, yeye na mkewe Virbai walianza kulisha kila aliyefika mlangoni, bila kumuuliza dini wala tabaka. Jiko lile halijazimwa hadi leo.

Tukafikia uamuzi huu. Masharti yanayowalinda waliolala ndani yamebaki: pombe na ugomvi haviingii, na upande wa wanawake una mlango wake na komeo lake. Masharti yanayompima mtu kabla hajapata pa kujificha mvua tumeyaondoa. Barua, ikihitajika, tunaitafuta sisi, asubuhi, mgeni akiwa ameshakunywa chai. Siku tatu zimegeuka kuwa muda tuliopewa sisi: zikipita, ni juu yetu kumsindikiza kwa jamaa zake, kwa sheha, ofisi ya ustawi wa jamii, au makaazi ya wazee. Ufagio upo mahali pake. Wengi huushika bila kuambiwa, na asiyeushika haulizwi.

Je, hatujadanganywa? Tumedanganywa. Mablanketi mawili yameondoka na wageni wake, na mtu mmoja alitwambia kisa ambacho baadaye tulijua si cha kweli. Tumeiweka hasara hiyo kwenye mizani pamoja na homa ya yule mzee, tukaona mablanketi ni mepesi.

Kwa hiyo, katika sherehe hii tunaomba mambo mawili. Waumini, jiandikisheni katika zamu ya usiku, ili mlinzi asiachiwe peke yake uamuzi ulio wetu sote. Majirani, mkimwona mtu barazani usiku, mleteni au tuiteni, awe wa imani yoyote. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Chumba chetu ni kidogo na paa lake linataka kuzibwa kabla ya masika yajayo, tutaanzia hapo.